Mahamri ya Ukurasa wa 143

Najua mmeshausikia mkasa wangu. Kuanzia Biashara Street hadi Marikiti hakuna asiyeusikia, na kila anayeusimulia huongeza lake, wako wanaosema nilizimia, wako wanaosema nilitokea dirishani, kwa hivyo acheni niusimulie mwenyewe, maana aibu ni yangu na mwenye mali ndiye mwenye haki ya kuigawa. Sikuzimia. Dirisha nililitazama, hilo sikatai, lakini lilikuwa na vyuma.

Wakati huo nilikuwa mwenyekiti wa Kamati ya Kupitia Mapendekezo ya Shahada Mpya za Uzamili na Uzamifu (jina la chuo niachieni, chuo hakikunikosea, mimi ndiye niliyekikosea). Mtu akitaka kuanzisha shahada mpya ya juu huandika pendekezo, aeleze kitakachofundishwa, nani atafundisha, na nani kasema inahitajika, halafu sisi wanakamati saba tulisome, tulitoe kasoro, likishaiva lipelekwe mbele ya wadau na mbele ya mgeni kutoka Nairobi mwenye mhuri wa mwisho. Ukisikia hivyo waona kazi ya maana sana, nami ndivyo nilivyokuwa nikiieleza misibani na harusini.

Basi muhula ule yalitufikia mapendekezo tisa. Kulikuwa na Uzamili wa Uongozi wa Viongozi, kulikuwa na Uzamili wa Usimamizi wa Mabadiliko, kulikuwa na Uzamifu wa Mikakati ambao sijajua hadi leo ni mikakati ya nini, na kila moja lina kurasa zaidi ya mia mbili, kwa Kiingereza cha kutembea na fimbo. Na chuo kilikuwa na kanuni yake: kila mwanakamati atie sahihi fupi chini ya kila ukurasa na aandike angalau maoni mamoja pembeni, ili ijulikane kwamba amesoma (kanuni hii ilitungwa baada ya mwenzetu mmoja kurudisha pendekezo na tathmini nzuri kabisa, likiwa bado ndani ya bahasha iliyogundishwa). Wakubwa walidhani wametukomesha. Kumbe walitufunza tu kutia sahihi upesi. Mimi nilikuwa na maoni yangu manne, nayazungusha kama mtu anayegawa karata: "Vizuri", "Fafanua zaidi", "Mbinu inafaa", na lile kipenzi changu, "Ongeza marejeo ya karibuni". Kurasa mia mbili nilizimaliza baina ya magharibi na isha, na chai nikinywa.

La tisa lilikuwa la Daktari Mwanaidi, mwenzetu wa idara ya historia, mwanamke mpole wa maneno machache, na lilihusu Uzamili wa Uhifadhi wa Majengo ya Kale. Yeye alikuwa ameliandika kwa Kiswahili, la kwanza kuandikwa hivyo chuoni kwetu, kwa sababu alitaka shahada hiyo ifundishwe kwa lugha ambayo mafundi wa Mji wa Kale na wenye nyumba wataifahamu. Jambo hilo lilitutia wasiwasi kamatini. Lile pendekezo lilikuwa likieleweka, na kitu kinachoeleweka mtu huona haya kukisifu. Halikuwa geni kwetu, tulikuwa tumemrudishia mara nne, mwaka baada ya mwaka. Mara nne tulimwambia afafanue zaidi na aongeze marejeo ya karibuni. Muhula ule, mara ya tano, tukasema haya, limeiva, lipelekwe kwa wadau.

Sasa nifahamuni vizuri, maana hapa ndipo roho yangu ilipokuwa. Kiti cha Mkurugenzi wa Masomo ya Uzamili kilikuwa kitupu, na Naibu Chansela alikuwa ameninong'oneza kwamba kikao cha wadau kikienda vyema, mbele ya mgeni wa Nairobi, basi kiti ni changu. Miaka kumi na mmoja nimekitamani. Ni afisi yenye kipoza hewa, yenye kochi, na chini yake nafasi ya kuegesha gari yenye jina lako ukutani (gari sina, lakini jina ninalo). Mke wangu Saada alikuwa ameshachagua mapazia.

Na Saada huyohuyo ndiye aliyeniambia, Ijumaa moja asubuhi, kwamba kama sitaziondoa karatasi zangu chumbani atahamia kwa mamake akaniachie mapendekezo tisa yanipikie. Alikuwa na haki. Tunakaa ghorofa ya tatu, nyumba ya vyumba viwili, na yale makaratasi yalikuwa yamepanda juu ya kabati, yameshuka chini ya kitanda, moja lilikuwa limeshikilia mlango wa choo. Chuo kilikuwa kimeshabaki na vivuli vya kurasa zetu zenye sahihi, na kanuni ilisema nakala za nyumbani ziletwe chuoni zikateketezwe. Mashine ya kukata karatasi ya chuo ilikuwa imeharibika, na kuzibeba hadi huko ni mzigo wa hamali wa Marikiti. Nikasimama kibarazani kwangu nikitazama chini, na chini kuna Bi Rukia.

Bi Rukia mnamjua. Kwa asiyemjua, ni jirani yetu wa nyumba ya pili, mama mtu mzima, anauza viazi karai na bajia na kachiri za muhogo pale pembeni tangu mimi nasoma shule ya msingi, na nyumba yake ni ya mawe ya kale, ile ambayo ukiegemea ukuta waondoka na ukuta begani. Shida yake siku hizi ilikuwa ni karatasi ya kufungia. Zamani alikuwa akipata magazeti, lakini watu wa sasa husoma habari kwenye simu, na simu huwezi kufungia bajia.

Nikamshushia gunia zima.

"Daktari, hizi si karatasi za siri?" akaniuliza, maana mama yule ana adabu.

"Bi Rukia," nikamwambia, na maneno haya naomba myashike, "hizi hakuna azisomaye."

Ndiyo maamuzi yenyewe hayo. Hayakuchukua hata dakika. Nikapewa bajia nne za shukrani, nikapanda ngazi nikijiona mtu mwema aliyemsaidia jirani na kunusuru ndoa kwa mkupuo mmoja.

Dalili zilikuja, siwezi kusema hazikuja. Jumatatu nilipita Biashara Street kumnunulia Saada leso, na mwenye duka, akiwa na kikaratasi chenye mafuta mkononi, akaniuliza kwa heshima zote, "Daktari, hivi 'matokeo yatarajiwayo ya ujifunzaji' ni dude gani?" Nikamjibu kwamba ni jambo refu. Na Bi Rukia mwenyewe mara mbili aliniita nikipita, "Daktari, n'na suala, lahusu karatasi zako," na mara zote mbili nikamjibu, "Baadaye, Bi Rukia, niko mbioni." Nilikuwa mbioni kweli. Nilikuwa nakwenda kupima suti.

Na kama hiyo haitoshi, chuo kiliponiuliza ni nani atakayeleta vitafunio vya kikao, mimi kwa mdomo wangu nikamtaja Bi Rukia. Nilitaka wadau waone kwamba nawajali watu wa mtaani. Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini mimi nilichimba, nikaingia, kisha nikaomba niletewe maji.

Siku ya kikao ukumbi ulijaa. Walikuja mafundi wa milango, wenye majumba, wauza leso, maustadhi wawili, na mbele kabisa wamekaa Naibu Chansela na mgeni wetu wa Nairobi, mama mmoja mrefu mwenye miwani ya kamba, na mbele yake nakala yake ya pendekezo, kila ukurasa umegongwa mhuri wake wa "Imepitiwa". Daktari Mwanaidi alikuwa amekaa pembeni, mikono juu ya mapaja. Nikamwonea huruma kidogo, nikajiambia leo nitambeba. Nyuma ya ukumbi Bi Rukia alikuwa amepanga sinia zake, buibui safi, kikapu kando.

Nikasimama. Nikawasalimu, nikawasabahi, nikamtaja kila mkubwa kwa cheo chake, kisha nikasema sentensi ambayo nikiikumbuka hadi leo masikio huwaka: "Kamati yangu imelisoma pendekezo hili neno kwa neno, ukurasa kwa ukurasa, na mimi binafsi nimelisoma mara mbili." Makofi. Naibu Chansela akamtazama mgeni kama baba anayeposa. Nami nikaliona lile kochi, naapa nililiona na rangi yake.

"Je, kuna mdau mwenye swali?" akauliza Naibu Chansela, kwa ile sauti ya kutotaka swali.

Watu walikuwa wanatazama sinia. Halafu nyuma kule ukapanda mkono, na mkono ule ulikuwa na bangili nilizozijua.

"Asalam aleikum," akasema Bi Rukia. "Mimi n'na suala moja, na nilikuwa n'taka kumuuliza Daktari faragha lakini yuwakimbia. Nimelisoma hili andiko lenu lote. Ni zuri, kusema kweli, huyu aliyeandika yuwajua Mji wa Kale. Lakini mna masomo kumi na moja, kuna nadharia, kuna historia, kuna sera, na hamuna hata somo moja la kupiga chokaa. Hini nyumba yangu yamwagika mchanga, nikitandika kitanda nafagia kwanza. Hawa wasomi wenu watashika chokaa lini?"

Mgeni wa Nairobi akavua miwani. Akasema, kwa furaha ya kweli, kwamba miaka yote hii anazunguka nchini hajawahi kukutana na mdau aliyesoma pendekezo, na kwamba swali lile ni zito, na je, mwenyekiti wa kamati atalijibu vipi?

Mwenyekiti wa kamati ndiye mimi. Ningeweza kusema "sijui". Ningeweza kusema "Daktari Mwanaidi ndiye mwandishi, na ajibu." Lakini mtu aliyetangaza kwamba amesoma mara mbili atasemaje hajui? Nikakohoa, nikafungua nakala ya mezani pasipo kuitazama.

"Ahsante Bi Rukia kwa swali hilo," nikasema. "Suala la chokaa limeshughulikiwa kwa kina katika sehemu ya Mbinu za Ufundishaji."

Bi Rukia akakitazama kikapu chake. Si kwamba alitaka kuniumbua, mama yule hana ubaya na mtu, alikuwa anatafuta tu namna ya kuliweka.

"Hiyo sehemu nimeisoma, Daktari," akasema. "Hamuna chokaa. Muna mahamri."

Watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha kutojua kama ni ruhusa. Mimi nikacheka pia, tena kwa nguvu. Bi Rukia akainama kwenye kikapu chake akatoa karatasi moja, safi, haina hata tone la mafuta, kumbe aliitenga makusudi, akaivalia miwani, akasoma. "Ukurasa wa mia moja arobaini na tatu. Chukua unga kilo moja. Tia sukari kikombe kimoja, hamira vijiko viwili. Kanda kwa maji yanayochemka. Funika dakika tano, kisha kaanga." Akainua uso. "Na hapa pembeni, mbele ya maji yanayochemka, kuna mwandiko wa Daktari, naujua, ndiye huniandikia barua zangu za baraza la mji. Yuwasema: 'Mbinu inafaa. Ongeza marejeo ya karibuni.'"

Nikafungua ukurasa wa mia moja arobaini na tatu wa nakala yangu ya mezani. Mahamri yale pale, baina ya mihadhara na semina. Nikawatazama wenzangu sita wa kamati, wote wameinamisha vichwa wanafungua zao, na nyuso zinabadilika moja baada ya moja, maana kila mmoja ameikuta sahihi yake chini ya mahamri. Kisha mgeni wa Nairobi akafungua ya kwake. Akaitazama kwa muda. Akaifunga taratibu, akaweka mkoba wake juu, na mimi niliyekuwa karibu naye niliuona mhuri: "Imepitiwa".

Sasa mngetarajia ukumbi unigeukie mimi. Haukunigeukia. Hilo ndilo lililoniuma zaidi, wallahi. Mwanamke mmoja safu ya tatu akasimama, akauliza kwa uchungu wa dhati, "Maji yanayochemka? Si yataua hamira?" Mwingine akasema, "Na tui liko wapi?" Fundi mmoja wa milango, mzee wa ndevu nyeupe, akasema mahamri bila iliki hayo si mahamri, ni andazi lililokosa malezi. Na dakika tano? Dakika tano unga umeshaumuka wapi? Ikawa kila mtu ana lake. Nimekaa kwenye vikao vya wadau miaka mingi, sijawahi kuona mjadala wa kina namna ile, watu wanapeana nafasi, wanataja ushahidi, wanakosoana kwa hoja, na Naibu Chansela katikati anagonga meza kuwaomba warudi kwenye ajenda, na ustadhi mmoja anamjibu kwamba hii ndiyo ajenda, iko ukurasa wa mia moja arobaini na tatu.

Mwisho Daktari Mwanaidi akasimama. Ukumbi ukatulia wenyewe.

"Mahamri niliyatia mimi," akasema. "Niliwasilisha andiko hili mara nne. Mara nne lilirudi na maneno yaleyale, kwenye kurasa zilezile, hata kwenye ukurasa wa marejeo niliandikiwa niongeze marejeo. Miaka minne. Mafundi wawili waliokubali kuja kufundisha wamefariki huku nangojea. Nikasema, ngoja nijue kama kuna mtu anayenisoma." Akamgeukia Bi Rukia. "Shukrani, mama. Na hilo la chokaa ni kweli. Wale mafundi wawili ndio waliokuwa walifundishe, walipoondoka nikaliondoa somo lao, kwa uchungu."

"Mungu awarehemu," akasema Bi Rukia. "Lakini mwanangu, mahamri huyawezi."

"Siyawezi," akasema Mwanaidi, na hapo ndipo nilipomwona akiona haya kwa mara ya kwanza. "Niliandika kwa kukisia."

Mimi nilikuwa bado nimesimama. Hakuna aliyeniambia nikae, na mtu ukisimama muda mrefu mbele ya watu bila neno, unaanza kuhisi mikono yako ni ya mtu mwingine. Nilifikiria kusema kwamba ule mwandiko si wangu. Nilifikiria kusema kwamba mahamri ni sehemu ya turathi. Lakini nilikuwa nimemsikia Mwanaidi alivyolitamka lile neno "wamefariki", na haya iliyonishika si ile ya kuchekwa, ile ya kuchekwa ilikuja baadaye na nimeizoea. Nikasema, "Sikulisoma. Mara zote tano." Nikakaa.

Vitafunio vikagawiwa. Nilipewa viazi vyangu vimefungwa kwenye ukurasa wa sabini na nane, na pembeni, kwa mkono wangu, "Vizuri".

Shahada ilipitishwa, kwa sharti la somo la chokaa, na mgeni wa Nairobi alitia sahihi haraka haraka kama mtu anayewahi basi Mwembe Tayari. Mahali pa kujifunzia chokaa pakachaguliwa papo hapo na wadau wenyewe: nyumba ya Bi Rukia. Ukipita leo utaona wanafunzi wa uzamili wako juu ya ngazi, weupe mpaka nyusi, na yeye yuko chini anawasahihisha. Kiti cha Mkurugenzi akapewa Daktari Mwanaidi. Saada alimpelekea yale mapazia, akisema ni makosa kuyaacha yakae bure, na mimi ndiye niliyeyabeba.

Jambo la kwanza alilofanya Mkurugenzi mpya ni kunipa yale mapendekezo mengine manane, niyasome upya peke yangu, niandike ripoti kwa Kiswahili, kwa maneno yangu mwenyewe, kila moja lasema nini. Sikumlalamikia. Ilinichukua miezi mitatu. Niligundua kwamba Uongozi wa Viongozi na Usimamizi wa Mabadiliko ni pendekezo moja lililobadilishwa jina, na kwamba Uzamifu wa Mikakati, kuanzia ukurasa wa thelathini, unazungumzia chuo cha nchi nyingine yenye theluji. Na yote yana sahihi yangu, kila ukurasa, nzuri, ya kupinda. Nimekula kiapo: sitatia tena sahihi chini ya neno nisilolisoma, hata iwe ni risiti ya maji.

Na kwa kuwa nataka mniamini, niseme na la mwisho. Ripoti ile nilipoimaliza niliionea fahari sana, nikaona nimeandika kitu safi, nikamshushia Bi Rukia rasimu yake, si ya kufungia, nikamwambia, ya kusoma. Jana jioni nikashuka kununua viazi. Nikamuuliza kama ameisoma. Akasema ameisoma yote. Nikamuuliza, waionaje? Akageuza kiazi kwenye karai, akanifungia vyangu, akanipa bila kunitazama. Nilipofika ngazini nikaona vimefungiwa kwa ukurasa wangu wa kwanza, na pembeni, kwa kalamu ya buluu na herufi kubwa za mtu asiye na haraka, ameniandikia: "Fafanua zaidi."